Upande wa Kisigino

Waliponiuliza baadaye, mezani penye kitambaa cha kijani,
nilikuwa upande gani,
nilijibu: upande wa kisigino.
Hawakucheka. Karani aliandika kitu.

Lakini ndivyo ilivyokuwa Kortejärvi, baridi ile ya mwaka wa kumi na nane.
Wekundu walilala shuleni, Weupe ng'ambo ya ziwa,
na mimi nilikuwa na ngozi, msharasi, uzi uliotiwa lami.
Mguu ukianza kuganda hauulizi bendera.

Wa kwanza kuja alikuwa Vihtori, mwana wa mpangaji.
Baba yake alilipia kishamba chao kwa mgongo:
siku tatu kila juma katika shamba la bwana,
kwa farasi wake mwenyewe na jembe lake mwenyewe,
miaka ishirini na sita.
Kisha wakatolewa, masufuria nje kwenye theluji,
uji wa shayiri ungali unafuka moshi.
"Unapigania nini?" nikamuuliza, misumari mdomoni.
Nilidhani atautaja ule uji.
"Wanalipa marka kumi na tano kwa siku," akasema.
"Na wamenipa koti."
Alikuwa akiburuta mguu wa kushoto tangu utotoni,
nikamshonea kisigino hicho mishono miwili, sambamba.

Hjalmar, mwana wa bwana mwenyewe, alikuja usiku,
akiteleza juu ya barafu kwa mbao zake, buti limepasuka.
Huyu, nikawaza, atanihubiria taifa, Warusi, na Mungu.
Akatazama taa.
"Mama alinifungia mkoba kabla sijaamua."

Na Taavetti, mdogo wake Vihtori, tumbo moja, ziwa ya mama mmoja:
Novemba, siku ya kuajiri vibarua,
alipata kazi ya zizi ng'ambo ya pili.
Februari wakaja na orodha ya kanisa
wakasoma jina lake.
"Ningepata ng'ombe wa kukamua upande huu," akaniambia,
"ningevaa utepe mwekundu.
Ng'ombe ndio walioniandikisha."

Saima peke yake, msokota nyuzi kiwandani,
ndani ya suruali ya kaka yake marehemu,
ndiye aliyetaja haki.
Hakupaza sauti. Aliitaja
kama mtu anayemtaja shangazi aishiye mji wa pili
ambaye lazima afikiwe kabla ya giza.
Huyo nilimwekea soli mbili.

Ikaingia Machi. Nikauliza tena.
Hakuna aliyetaja koti, wala mkoba, wala ng'ombe.
Walinitajia watu:
Kustaa, aliyepigwa ghalani mikono juu.
Mwalimu Eljas, aliyekutwa kisimani.
Yule mtoto wa kinuni, jina nimelisahau, Mungu anisamehe.
Hata Saima alinitajia mtu.
Sababu ya kwanza ilikuwa imelika kama soli ya kwanza;
sasa walitembea juu ya kiraka,
na kiraka kikitoboka, walitaka kingine juu yake,
mpaka ukilivua buti huwezi kujua
lilianza na ngozi ya mnyama gani.

Theluji ilipoanza kulainika, Taavetti akaingia,
akakaa, akanyoosha miguu karibu na jiko.
"Nimeyaokota kule msituni," akasema.
"Mwenyewe alikuwa kalala kifudifudi, sikumgeuza.
Yananikaa, mzee, kama nilipimwa."
Akacheka kidogo.
"Ila la kushoto limelika vibaya."

Nikalipakata buti mapajani.
Mishono miwili, sambamba.
Jiko lilikuwa likilia kwa kuni mbichi.
Alikuwa na miaka kumi na tisa, na kesho yake walikuwa wanaandamana kwenda Tampere,
na njia ile haina hata nyumba moja.

Nikashona.
Aliponiuliza bei nikasema hakuna,
ilishalipwa.
Akaniangalia, akafunga kamba, akaondoka,
na nikasikiliza hatua zake ukumbini:
zilikuwa sawa, zote mbili,
hakuna mguu uliokuwa ukiburutwa.

Hilo karani hakuniuliza.